Kabla ya kupanda ndege, pita kwanza Masako

Hotuba iliyotolewa Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, mbele ya wakaaji wa kijiji na wanamemba wa harakati waliotoka Kisangani. Tunaiweka hapa jinsi ilivyosemwa. Maamuzi ya mkutano yako chini.

Wakubwa wa kijiji, ba mama, ba papa, wandugu wa harakati, na nyinyi watoto mulio pale mbele mukinicheka juu ya Kiswahili yangu ya Mangobo: jambo kwenu wote, na asante kwa kutupokea.

Wengine kati yetu tumefika na motari, wengine na kinga, na wenye miguu ya nguvu wametembea. Toka mjini ni karibu kilomita 14 tu. Lakini niwaulize wandugu wa mjini, na museme kweli: nani kati yenu alikuwa amelala Masako hata usiku mmoja kabla ya jana? Naona mikono mitatu. Na nani ameshaomba viza, ao anaota kuiomba? Ahaa. Sasa siwezi hata kuhesabu.

Ndiyo sababu nilikubali kusema leo. Munajua kuna barua mezani. Kikundi cha wanafunzi wa Ulaya kinaomba tuwapokee hapa kwa wiki mbili, wanaita safari ya mshikamano, na baadaye vijana wanne wa kwetu waende kwao. Mu harakati tumegawanyika. Kamarade wengine wanasema tukubali, mlango kama huu haufunguki kila siku. Wengine wanasema tukatae, sisi si wanyama wa kuja kutazamwa. Mimi nimeshapanda ndege ya namna hiyo. Nitasema nilichoona. Na nitaanza na kosa langu, juu sitaki mulisikie mwisho, wakati mumeshanipigia makofi.

Picha ya makala

Nilikuwa bado mwanafunzi. Shirika moja lilitafuta vijana sita wa kwenda Ubelgiji wiki tatu, kukaa katika familia, kutembelea mashule na kuzungumza juu ya maisha yetu. Kabla ya kuondoka walituambia: mubebe picha. Basi nikaja hapa Masako asubuhi moja, nikakaa saa mbili. Nikakuta mama mmoja anatoka msituni na gunia la makala mgongoni. Nikapiga picha. Sikumuuliza jina. Sikumwambia picha itaenda wapi.

Kule, katika sali ya parokia, ile picha ikawekwa ukutani, kubwa kama nyumba. Nikasema: "Mama huyu hana kitu." Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akapangusa machozi. Kikapu kikapita, zikapatikana euro 430. Pesa zikashikwa na waliotuandalia safari, na mimi nikashangiliwa. Hapa Masako haikufika hata franka moja. Na mimi sikuuliza. Miaka minne sikuuliza.

Yule mama yuko hapa na sisi. Jana jioni nilienda kwake, nikamweleza yote, nikaomba msamaha. Hakunifukuza kama nilivyoogopa. Alifikiri kidogo, akaniuliza: "Ulisema sina kitu? Shamba langu uliliona?" Nikasema hapana, mama, sikuliona. Akanipeleka. Muhogo, ndizi, mpunga kidogo, na mitego ya samaki inayokauka kando ya nyumba. Akanitajia watoto wawili aliowasomesha na jasho lake hadi diplome ya Leta. Akasema: "Kesho ukisema mbele ya watu, sema na hayo."

Mama, nimesema. Na zile euro 430, nimeanza kuzirudisha mimi mwenyewe, kidogo kidogo. Kamati ya kijiji iko na daftari. Anayetaka kuhakikisha, aombe daftari.

Sijasema hayo ili munihurumie. Nimesema juu ile picha inaonyesha namna safari inavyoweza kumwacha kijana kipofu kuliko alivyoondoka. Nilivuka bahari kwenda kuzungumza juu ya umaskini, na sikuwa nimeuangalia hata huu wa kilomita 14.

Nilichoona kule

Sitawadanganya. Wiki ya kwanza nilishangaa sana. Unafungua bomba, maji yanatoka, ya moto na ya baridi. Usiku barabara inawaka taa hata kama hakuna mutu anayepita. Nikalala nikifikiri: sisi tuko kando ya mto wa pili duniani kwa wingi wa maji, na mama yangu Mangobo anaamka saa kumi usiku kutafuta bidoni moja. Nikasikia haya. Haya kali. Kijana anayerudi na haya hiyo peke yake, anarudi na mpango mmoja tu: kukimbia. Nawajua wengi. Munawajua pia.

Wiki ya pili tulipita Bruxelles. Karibu na Gare du Nord, chini ya majumba marefu ya vioo, nikaona watu wamelala juu ya makartoni. Wengine wageni kutoka mbali, wengine Wabelgiji wenyewe. Rafiki aliyekuwa ananitembeza akanivuta mkono: "Twende, tutachelewa." Nikamuuliza mbona hii haikuwa mu programu. Akajibu bila ubaya: programu ni ya kuwaonyesha Ubelgiji.

Usiku ule ndipo nilielewa kitu. Wao walinichagulia uzuri wao tu. Mimi niliwachagulia shida yetu tu. Wote tulikuwa tumekata picha na makasi. Na kila mmoja alirudi nyumbani akiamini alichokuwa anaamini tangu mwanzo: kwamba huku ni kunyoosha mkono, na kule ni mbinguni.

Wiki ya tatu tulienda Tervuren. Kila mutu anajua ile nyumba ya makumbusho. Lakini nje, kando ya kanisa, kuko makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Léopold wa Pili aliamuru Wakongo 267 wapelekwe kule, wakawekwa katika vijiji vya kujengwa pale bustanini, ili watu waje kuwatazama. Watu wengi sana walikuja. Wakongo saba walikufa, hawakurudi tena. Hiyo nayo ilikuwa safari, wandugu. Kulikuwa na meli, wenyeji, wageni, na bila shaka watazamaji wengi wenye huruma. Kilichokosekana ni kimoja: hakuna aliyewauliza wale 267 wanataka kusema nini.

Nilisimama pale nikafikiria ile picha ya makala. Sikuweza kula mchana.

Mgeni siku mbili

Mwaka uliofuata, wale wanafunzi wa kule wakaja kwetu. Tukawaleta hapa. Siku ya pili mmoja akaniambia neno ambalo munalijua, juu kila mgeni analisema: "Ni maskini, lakini wana furaha."

Wakubwa wa Masako, samahani kulitaja mbele yenu. Mgeni akifika, munamkaribisha, munamchinjia kuku, munaimba. Hiyo ni adabu. Yeye anaiita furaha, anaiandika mu daftari, anarudi nayo kwao ikiwa dawa ya moyo wake. Kama maskini wanafurahi, basi hakuna haraka ya kubadilisha kitu.

Lakini alikuwako mwingine, msichana mkimya. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe aliliomba mwenyewe. Siku ya tatu aliamka na kijana wa hapa, wakasukuma kinga yenye magunia ya makala hadi sokoni Kisangani. Alirudi jioni miguu imevimba. Hakusema juu ya furaha. Aliuliza maswali matatu.

La kwanza: nani anapanga bei ya gunia? Akajibiwa: hapa anapanga mnunuzi, na sokoni pia anapanga mnunuzi. La pili: barabarani pesa zilitolewa mara ngapi, na nani alipewa karatasi? Watu walicheka tu. La tatu ndilo lilinichoma mimi: haya makala yote, nani anapika nayo?

Ni sisi. Sisi wa Mangobo, wa Kabondo, wa Makiso. Mu Kisangani tuko na barraji juu ya mto Tshopo, mto huu huu unaozunguka msitu wa Masako. Umeme unakuja, unaenda, na katika nyumba nyingi hauji kabisa. Basi tunapika na msitu. Halafu siku ya jumamosi tunavaa tisheti, tunapanda motari, tunakuja hapa kuwafundisha watu wasikate miti.

Msitu huu ulitangazwa hifadhi mwaka 1953, wakati wa ukoloni, zaidi ya hektari 2.000. Tangu hapo wanafunzi na watafiti wamepita wengi, wa kwetu na wa nje, kupima miti, panya, popo, vipepeo. Kazi hiyo iko na maana, siitukani. Lakini mzee mmoja aliniambia jana: "Panya wetu wote wamepimwa. Sisi hakuna aliyetuletea hata ukurasa mmoja kusema walipata nini." Neno hilo nalo ni sehemu ya umaskini. Kukosa pesa ni kitu kimoja. Kukosa habari juu ya mahali pako mwenyewe, wakati watu wa mbali wanayo, ni kitu kingine.

Ndipo naona safari nzuri inafanya kazi wapi. Inakutoa mu swali "wamekosa nini?" na kukuingiza mu swali "nani anafaidika, na mimi niko upande gani?" Yule msichana hakutoa hata euro moja. Lakini mimi, mtoto wa Boyoma, ni yeye alinionyesha jiko la mama yangu.

Safari mbili za Lumumba

Kuko wandugu wanasema safari ni mambo ya wazungu na watoto wa matajiri. Hapana. Historia ya muji wetu inakatalia.

Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapa Stanleyville. Mwaka 1956 alipelekwa Ubelgiji pamoja na Wakongo wengine waliosoma, wageni wa serikali. Walitembezwa, walionyeshwa mambo mazuri. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa bado anaomba mageuzi kwa upole, ndani ya utaratibu wa Wabelgiji. Mwezi wa 12 mwaka 1958 alifanya safari ingine, Accra, katika mkutano wa Waafrika ulioitishwa Ghana ya Nkrumah. Kule hakutembezwa. Alikaa na watu wa inchi zingine wenye shida kama yake, wakalinganisha. Aliporudi, tarehe 28 mwezi ule ule, alisimama mbele ya umati Léopoldville akadai uhuru. Haikupita miaka miwili, uhuru ukapatikana.

Mutu ni yule yule, na katikati ni miaka miwili tu. Sisemi safari peke yake ndiyo ilimgeuza. Kuko gereza pia, kuko kazi, kuko mambo mengi. Lakini angalieni tofauti. Safari ya kwanza, mwenye nyumba alichagua nini cha kuonyesha. Ya pili, wote walikuwa wageni na wote walikuwa wenyeji.

Mfano mwingine. Ernesto Guevara alikuwa mwanafunzi wa udaktari alipozunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake mwaka 1952. Aliona wachimba migodi, aliona wagonjwa wa ukoma, na maisha yake yakabadilika. Sasa, mwaka 1965, yeye huyo akaja kwetu Kongo, upande wa Fizi, kupitia Kigoma na ziwa Tanganyika. Walimpa jina la Kiswahili: Tatu. Alikaa karibu miezi saba, akaondoka. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ilishindwa. Aliingia bila kuzijua lugha, bila kuwajua watu na magomvi yao. Roho ya mshikamano alikuwa nayo, hakuna anayebisha. Roho peke yake haikutosha. Kama haikumtosha Che, haitatutosha sisi na tisheti zetu.

Huruma si haki

Neno moja tena kabla ya pendekezo. Mgeni anapoona mtoto anabeba maji toka mtoni, anasikia huruma. Ni vizuri, moyo wake uko hai. Sisi raia wa Kongo hatuna ruhusa ya kusimama kwenye huruma. Sisi tuko na karatasi.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na nguvu za umeme inahakikishwa. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi katika mashule ya serikali ni ya lazima na ni bure. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka mu province inabaki kwa province. Na toka mwezi wa 8 mwaka 2014 kuko amri inayoruhusu kijiji kuomba msitu wake uwe msitu wa jamii, hadi hektari 50.000, kwa jina la wakaaji wenyewe. Kama Masako inaweza kuomba pembeni ya hifadhi ao hapana, hiyo ni kazi ya wanasheria wetu kutafuta pamoja na wakubwa wa kijiji. Lakini ni watu wangapi hapa walikuwa wanajua kwamba ile amri iko? Naona. Ni kosa letu sisi tuliosoma.

Kwa hiyo mgeni akituuliza "niwasaidie na nini?", jibu lisiwe mpira na peni. Jibu liwe: "Jifunze na sisi namna ya kuuliza zile pesa ziko wapi. Halafu rudi kwenu, uliza pia: mbao zetu, dhahabu yetu, zinaingia kwenu namna gani, na kodi analipwa nani?" Hiyo ndiyo kazi ambayo mimi siwezi kuifanya Ubelgiji, na yeye anaiweza.

Pendekezo

Nasema tukubali ile barua. Lakini kwa masharti, na masharti yapangwe na Masako kwanza, harakati baadaye. Mimi naleta matano.

Moja. Kijiji kiseme kama kinawataka, lini, na kwa kazi gani. Kama ni kupaka ukuta rangi, vijana wa hapa wanajua kupaka. Wageni wasije kuchukua kazi ya fundi wa kijiji.

Mbili. Picha inaombwa. Mwenye uso anaambiwa inaenda wapi, na anaweza kukataa. Pesa yoyote itakayopatikana kwa jina la Masako, hesabu yake inasomwa Masako, kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanasikia.

Tatu. Wale wageni wasukume kinga ya makala hata mara moja, na jioni tukae tufanye hesabu pamoja. Mgeni siku mbili.

Ine. Vijana wanne wa kwetu watakaoenda, wasichaguliwe kwa Kifaransa kizuri. Wawili watoke hapa. Na kabla ya kupanda ndege, kila mmoja akae wiki moja mahali pa shida ambayo si yake. Toka mwaka 2023 vita vya Wambole na Walengola vimekimbiza maelfu ya watu. Wengine walilala mu mashule na makanisa ya muji wetu. Ni wangapi kati yetu tulivuka mto kwenda Lubunga kuwaangalia? Usiende kulia Tervuren kama hujavuka kwanza kwenda Lubunga.

Tano. Anayeenda, anarudi. Na akirudi anasimama hapa, mahali nimesimama mimi, anatoa ripoti mbele ya ba mama hawa, si mbele ya kompyuta peke yake. Aseme alichoona cha uzuri na cha ubaya, na aseme atafanya nini.

Wandugu, mimi safari ilinibadilisha, siwezi kukana. Lakini haikunibadilisha siku nilipotua Zaventem. Ilinibadilisha jana jioni, mama aliponiuliza: shamba langu uliliona? Miaka minne na ndege mbili, ili nijibu swali la kilomita 14. Nyinyi muko na bahati, munaweza kuanza na mwisho.

Boyoma Singa Mwambe, Masako, asanteni.

Maamuzi ya mkutano

Wakaaji na wanamemba walijadili hadi jioni. Masharti yote matano yamekubaliwa. Ba mama wa Masako wameongeza la sita: wageni wakifika, siku ya kwanza hakuna kuchinja kuku wala kuimba; watakula kile kinachopikwa siku hiyo. Jibu la barua limeandikwa palepale, limesomwa kwa sauti, na limetiwa sahihi na kamati ya kijiji kwanza, halafu na sisi. Wanasheria wa harakati watarudi Masako mwezi ujao kueleza amri ya misitu ya jamii. Mwenye kinga ao motari na nafasi ya kuwabeba, ajiandikishe kwa selule ya mtaa wake.